Asivushwe na Mtu Mwingine

Jumamosi, 6 Novemba 1999

Eveline ameondoka leo na godoro, sufuria, mbegu na kuku wote. Lori la kwenda Mchombe, kwenye shamba letu, lilipiga honi mara moja tu, mke wangu akapanda kama mtu aliyekuwa akiingojea honi hiyo tangu Pasaka. Ndiyo Ifakara yetu: mvua zikikaribia, mji unahama. Watu wanafunga milango, wanakwenda kuishi mashambani kwenye madungu yao, vibanda vya juu ya nguzo, mpaka mpunga uvunwe. Mimi nabaki. Nina studio.

"Studio ya kumpiga nani?" Eveline aliniuliza akiwa juu ya lori, mbele za watu. "Mbuzi?"

Siwezi kujibizana na mtu aliyekaa juu ya magunia huku mimi niko chini.

Jumatatu, 8 Novemba

Hakuna mteja. Nimefuta vumbi kwenye kiti cha wateja, nikakikalia mwenyewe.

Jumatano, 10 Novemba

Nimehangaika mchana kutwa na kamera ya yule mgeni. Huyo alikaa Mang'ula mwaka mzima akichunguza mbega wa milimani, na alipokuwa anarudi kwao akaniachia kamera yake kwa sababu kioo kidogo cha nyuma, kile cha kuonyeshea picha, kimepasuka. Kamera hii haitumii mkanda. Picha inakaa ndani, kwenye kadi ndogo, na ukitaka kuiona ni lazima uichomeke kamera kwenye kompyuta kwa waya unaoitwa USB.

Kompyuta ninayo. Mdogo wangu Polycarp anafanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja Dar. Mwezi wa sita aliniletea moja iliyochokwa na ofisi fulani, akaiwekea mfumo wa bure unaoitwa Linux. Huo hauna mapambo. Unaandika amri, unakujibu kwa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na ukikosea unakwambia papo hapo. Nimeuzoea. Humu ndani hakuna mwingine wa kunikosoa mpaka mavuno.

Basi leo nikachomeka waya. Kimya. Nikachomoa, nikapuliza tundu, nikachomeka tena. Kimya. Kumbe hata mashine inaweza kukununia.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimerudi kutoka kijiji cha Mbingu. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa nakwenda kivukoni kuwapiga picha watu wanaovuka kwa mitumbwi kwenda mashamba ya ng'ambo. Familia inajipanga mbele ya mtumbwi, majembe yanawekwa chini, bibi anakaa katikati, watoto wanaambiwa wasicheke. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote, ingawa sijawahi kumwambia mtu.

Mkanda umeniishia nikiwa nimebakiza watu wawili, Mama Kandida na mwanawe Beno. Mama Kandida ni mjane, namfahamu siku nyingi, mdomo wake hauna breki. Beno ndiye kitinda mimba, kijana mrefu, na ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani. Nikatoa kamera ya mgeni.

"Bwana Picha, mkanda umeweka saa ngapi?" mama akaniuliza. "Nimekukodolea macho hapa muda wote, hujaweka kitu."

"Hii haitaki mkanda, mama."

"Haitaki mkanda! Haya, na mtumbwi wangu hautaki maji."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana najua walichokuwa wanakiwaza. Miaka ya nyuma alipita mpiga picha mmoja wa kutembea, akamulika flashi vijiji vyote vya barabara ya Mlimba, kumbe ndani ya kamera hamna kitu. Tangu hapo watu wa huku hawamtazami mpiga picha usoni. Wanatazama vidole vyake vinavyoweka mkanda.

Mama Kandida akakataa katakata kupigwa, akaenda pembeni kufoka kwamba mwiko wake wa kusongea ugali umesahauliwa nyumbani. Beno akasimama peke yake, miguu majini, jogoo kwapani.

"We nipige tu, mzee," akasema. "Ikitoka nampa mchumba. Isipotoka nampa mama."

Nikabonyeza. Kamera ikalia tii, sauti ya kipuuzi kabisa, watu wakacheka upya.

Jumanne, 16 Novemba

Mvua. Nyumba za jirani zote zimefungwa. Nimeongea na mtu mmoja leo, muuza mafuta ya taa, na tulichoongea ni mafuta ya taa.

Alhamisi, 18 Novemba

Dereva wa lori amesimama dukani kwa jirani akasema mtumbwi umepinduka jana huko kivukoni Mbingu. Wengine waliokuwemo wameokolewa. Beno hajaonekana.

Jumapili, 21 Novemba

Nimetoka msibani, sina hamu ya kula. Nitaandika yote, huenda nikapata usingizi.

Wavuvi wamemtafuta mpaka wamesalimu amri. Mto umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na huko chini mamba hawahesabiki. Wazee wakaona watu hawawezi kulala nje matanga yasiyo na mwisho. Wakakata mgomba na shina lake uwe badala ya mwili, wakauvisha sanda, wakaulaza kaburini, padre msaidizi wa parokia akasali. Nimehudhuria mazishi mengi, nikiwa na kamera mkononi au bila kamera. Sijawahi kuona mama akitazama kaburi namna ile, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Baada ya mazishi akaja moja kwa moja nilipokuwa nimekaa na wanaume.

"Shikamoo mama. Pole sana," nikasema.

"Marahaba. Naomba picha ya mwanangu."

"Ipo mama. Imo ndani ya kamera."

"Itoe."

"Bado sijajua kuitoa."

Mzee mmoja nyuma yangu akaguna. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika kuwa huyu naye ni yule yule wa flashi. Mama Kandida akageuka kwa watu, akapaza sauti: "Mmesikia? Ipo, lakini haitoki! Beno wangu hana picha hata moja duniani. Ya kipaimara walipiga yuko kitandani anaumwa malaria. Moja tu kapigwa maisha yake yote, na huyu bwana anasema ipo ila haitoki!"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliondoka bila kuaga, na hilo nalo bila shaka watalisema. Lakini nilipofika barabarani nikasikia mtu ananifuata, ni yeye, peke yake, sauti imeshuka.

"Niambie kweli, Bwana Picha. Ulimpiga?"

"Nilimpiga, mama. Haki ya Mungu."

"Hicho kidude kiko wapi?"

"Ifakara. Nimekifungia sandukuni."

"Basi kikae huko huko. Usikipeleke popote. Mwanangu kavushwa na watu, hakufika. Asivushwe na mtu mwingine. Ukishamtoa niite, nitakuja mimi nimvushe mwenyewe mito yote mpaka nyumbani." Akajifunga kanga vizuri. "Arobaini ni Jumatatu ya baada ya Krismasi. Nataka watu wamwone. Usiniache nikalilia mgomba."

Nimeahidi. Sijui niliahidi kwa kichwa gani.

Jumanne, 23 Novemba

Nimepiga simu Dar kutoka posta. Polycarp amenipa pole, halafu akanieleza. Linux niliyonayo ina kiini chake, ndicho kinachoendesha mashine, na kiini hicho hakijui USB kabisa. Hata huko Dar ni kitu kipya. Kuna kiini kingine, watu bado wanakifanyia majaribio, ndicho kinachoijua kamera ya namna hii. Atanitumia kwenye sidii, nikijenge ndani ya mashine yangu.

"Nikijenge? Mimi ni mwashi?"

"Unaandika amri kaka, kinajijenga chenyewe. Au fanya hivi, fungua kile kimlango, chomoa kadi, mpe mtu wa treni aniletee. Siku mbili tatu picha unayo mkononi."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kuna mito."

"Kaka, treni inapita darajani."

"Najua treni inapita wapi, Polycarp."

Na kimlango chenyewe sikifungui. Maisha yangu yote nimejua jambo moja: kamera ikifunguliwa kwenye mwanga, picha zinaungua. Sitamwunguza mtoto wa watu kwa sababu ya haraka.

Jumamosi, 27 Novemba

Kaja kijana wa kupigwa picha ya pasipoti. Kabla hajakaa kitini akasema, "Weka mkanda nikiona." Habari zimefika mjini. Nikaweka mkanda mbele ya macho yake kama mchawi anayekaguliwa. Mkanda mweusi-na-mweupe, ndio wa mwisho nilio nao.

Jumatatu, 29 Novemba

Sidii haijafika.

Jumatano, 1 Desemba

Haijafika. Mvua imenyesha tangu asubuhi na paa linavuja juu ya kitanda, upande wa Eveline.

Ijumaa, 3 Desemba

Dereva wa Mchombe kaniletea perege wakavu wamefungwa kwenye jani. Kutoka kwa Eveline. Nikauliza amesema nini.

"Hajasema kitu, mzee."

Nimekula nusu, nikaacha nusu ya kesho. Mtu ananikumbuka kwa samaki lakini hana neno la kuniambia. Au analo, na mimi ndiye ninayejua kulikimbia. Upweke umenikaba leo, na sioni haya kuuandika, maana nani atasoma?

Jumamosi, 4 Desemba

Sidii imefika kwa treni, imefungwa kwenye gazeti na karatasi ya maelekezo ya Polycarp. Amri zote kaziandika kwa herufi kubwa, utadhani anamwandikia kipofu. Namshukuru.

Jumatatu, 6 Desemba

Nilianza kujenga asubuhi. Maandishi yanakimbia kwenye kioo, mistari kwa mistari, huelewi hata mmoja, unakaa tu kama mtu anayengojea mke wake ajifungue. Mchana radi ikapiga, umeme ukakatika, kila kitu kikazimika.

Umeme uliporudi nikaanza upya.

Jumanne, 7 Desemba

Umekatika tena. Nimeanza upya.

Jumatano, 8 Desemba

Tena. Nimetukana, peke yangu, kwa Kipogoro, mpaka nikamaliza matusi ya baba yangu yote. Halafu nikaanza upya.

Alhamisi, 9 Desemba

Kimejengeka! Nimewasha mashine na kiini kipya. Nikachomeka waya wa USB.

Kimya.

Ijumaa, 10 Desemba

Posta tena. Polycarp akanisomea maswali, nikamjibu, akagundua: kuna mahali kwenye kuchagua, kabla ya kujenga, nilipaswa kusema ndiyo kwa USB na ndiyo kwa kamera. Nimesema ndiyo kwa USB tu. Nijenge mara nyingine.

"Na umeme ukikatika," akasema, "huhitaji kuanza mwanzo. Rudia amri ile ile, inaendelea ilipoishia."

"Unaniambia leo?"

"Hukuniuliza, kaka."

Niliikata simu. Nilipofika nyumbani nikaona aibu, maana yeye ndiye mtu pekee ninayeongea naye mwezi huu na nimemkatia simu kama mdai.

Jumatatu, 13 Desemba

Najenga. Redio inasema mwaka ukigeuka kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa, hazitajua ni mwaka gani, nyingine zitakufa kabisa. Jirani aliyebaki, mzee wa cherehani, kanichungulia dirishani: "Telesphory, ya kwako si itakufa nayo?" Nimemwambia ya kwangu ni Linux. Alivyoniangalia, nadhani kafikiri ni jina la kabila.

Lakini niseme ukweli. Mimi sihofii mashine, namhofia aliyemo. Na juzi usiku limenijia wazo baya zaidi: je, nilimpiga kweli? Mlio wa tii si ushahidi. Kioo kimepasuka, sikuona kitu. Inawezekana kadi ilikuwa imejaa, inawezekana betri zilikuwa zimechoka. Nimewaapia watu msibani kwa jina la Mungu juu ya kitu nisichokiona. Yule wa flashi angalau alijua kwamba anadanganya.

Jumatano, 15 Desemba

Nimechomeka waya. Kioo kimeandika! Mistari miwili, mitatu, na kati yake jina la kamera kwa herufi zote. Imeitambua. Niliruka kwenye kiti nikapiga kelele "Ameitika!" na hapakuwa na mtu wa kusikia isipokuwa mjusi ukutani.

Nikaita programu ya kutoa picha. Ikaanza, ikagoma. Kamera imezimika. Betri zimekwisha.

Sasa betri zinakaa nyuma ya kimlango kile kile kinachoficha kadi. Mpya nilikuwa nazo, ila nilikaa nazo mkononi muda mrefu. Mwisho nikaingia chumba cha giza ninakosafishia picha, nikafunga mlango, nikazima hata taa nyekundu, nikajifunika blanketi juu yake, jasho linanitiririka, nikabadilisha betri kwa kupapasa. Nikasikia nasema kwa sauti, "Tulia Beno, namaliza sasa hivi."

Baadaye nimempigia Polycarp kumweleza. Alicheka mpaka simu ikaanza kukoroma. "Kaka, hii haiungui! Hata uifungue juani, haiungui." Basi nami nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka ni lini.

Alhamisi, 16 Desemba

Picha ya kwanza imetoka. Ni mbega.

Ya pili mbega. Ya tatu mkia wa mbega na tawi. Mgeni hakufuta kitu kabla ya kuondoka, kajaza milima yote ya Udzungwa humo ndani. Zinatoka polepole, moja moja, na kila moja ikijichora kutoka juu, naona majani, natumaini, halafu uso mweusi wenye ndevu nyeupe unanitazama kwa dharau. Nilianza kuwachukia wanyama wasio na kosa. Mbega, mbega, mgeni mwenyewe anakula ndizi, mbega.

Ya mwisho ikaanza kujichora. Anga. Kichwa cha mtu.

Ni yeye. Beno kasimama majini, jogoo kwapani anapiga kelele, na Beno kacheka mdomo wote. Hakuitazama kamera. Katazama pembeni.

Nimekaa mbele yake mpaka giza likaingia bila kuwasha taa. Nimelia, sitaficha. Sikulia msibani, nimelia leo, peke yangu, kwa mtoto aliyeniambia sentensi tatu tu.

Ijumaa, 17 Desemba

Nimemtuma dereva Mbingu. "Mwambie Mama Kandida ametoka. Mwambie hivyo tu, ataelewa."

Jumamosi, 18 Desemba

Kuna jambo moja. Sina mashine ya kuchapa picha, na Mama Kandida hawezi kubeba kompyuta kichwani. Ila kamera yangu ya zamani ina picha chache zilizobaki kwenye mkanda ule wa pasipoti. Nimeiweka kwenye miguu yake mitatu mbele ya kioo cha kompyuta, nikafunga madirisha. Ya kwanza niliharibu, kwa mazoea nimewasha flashi na bila shaka imetoka nyeupe tupu. Ya pili nimezima flashi, nikaacha kamera ifumbue jicho polepole.

Mkanda nimeusafisha jioni. Yumo, mdogo kama ukucha, mweusi palipo peupe. Nikachukua karatasi ya kuchapia ili nimtoe. Nikairudisha kwenye boksi. Si haki nimwone mimi kwanza mara mbili.

Jumatatu, 20 Desemba

Hajafika. Wanasema maji yamepita juu ya barabara huko mbele.

Jumatano, 22 Desemba

Hajafika. Perege wengine kutoka Mchombe. Safari hii nimemwambia dereva, "Mwambie asante." Akangoja niongeze, nikaingia ndani.

Jumamosi, 25 Desemba. Krismasi

Kanisani nusu ya mabenchi yalikuwa wazi. Nimepika wali na perege, nikaweka sahani mbili bila kufikiri, nikarudisha moja kabatini. Kompyuta nimeiwasha mchana kutwa. Nilikula na Beno.

Jumapili, 26 Desemba

Amefika saa nane. Kanga imelowa hadi kiunoni, viatu mkononi. Lori limekwama njiani, akamaliza kwa miguu.

"Shikamoo mama."

"Yuko wapi?"

Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja mbele ya kompyuta. Aliangalia muda mrefu. Nilijiandaa kwa kilio, hakulia. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Anamtazama nani huyu, anacheka hivi?"

"Wewe, mama. Ulikuwa upande huo. Ulikuwa unafoka habari ya mwiko."

"Kumbe alikuwa ananitazama mimi. Mimi sikumtazama. Nilikuwa natafuta mwiko, baba. Mwiko!"

Hapo ndipo alipolia. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikachemsha chai.

Alipotulia nikamweleza kwamba huyu wa kwenye kioo habebeki, ila yupo wa karatasi, bado hajatoka, na nimemngoja yeye. Tukaingia chumba cha giza. Nikawasha taa nyekundu. Mabeseni matatu yako mezani: la kwanza dawa ya kumtoa, la pili la kumtuliza, la tatu la kumfanya asifutike. Nikaimulikia karatasi, nikaizamisha kwenye beseni la kwanza. Karatasi nyeupe, haina kitu, inaelea.

"Hamna kitu hapo," akasema, sauti ile ile ya kivukoni.

"Subiri, mama."

Kwanza akaja jogoo. Halafu bega, halafu kicheko. Anapanda kutoka chini ya maji, taratibu, kama hana haraka. Mama Kandida akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Aliita jina lake mara moja, si kwa kilio, alimwita kama unavyomwita mtoto aje kula.

Nikachukua koleo nimhamishe. Akanishika mkono.

"Nimtoe mimi."

"Kuna mabeseni mawili zaidi, mama. Ukimtoa sasa ukamwacha, atageuka mweusi. Lazima avuke yote."

"Nimekwambia nitamvusha mwenyewe."

Nikaweka koleo chini. Akaingiza mikono kwenye dawa, akamwinua kwa pembe mbili, maji yanachuruzika. Akamvusha la pili. Nikamwambia lini. Akamvusha la tatu. Nikamwambia angoje, akangoja, ameinamia beseni, haangalii pembeni hata kidogo. Mwisho nikamwonyesha ndoo ya maji safi, akamsuuza, akamtoa, akamlaza juu ya kanga kavu niliyompa. Ilikuwa kanga ya Eveline.

"Sasa amefika," akasema.

Tulikaa kungoja akauke. Akaangalia kuta zangu, picha za harusi za watu, za watoto wa watu, za mapadre wa watu. Akaniuliza mke wangu yuko wapi.

"Mchombe. Shambani."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Nina studio, mama."

Hakucheka. Afadhali angecheka. "Mwenzio niko tayari kuvuka chochote nimfikie wangu," akasema, "na wa kwako barabara inafika. Nani kakuzuia?"

Jumanne, 28 Desemba. Mchombe

Jana tumefanya arobaini Mbingu, nilimsindikiza Mama Kandida. Picha ilisimamishwa mezani katikati ya mishumaa, watu wakapanga foleni kumwona. Yule mzee aliyeguna msibani alisimama muda mrefu, halafu akanipa mkono. Pale kaburini mgomba umechipua. Wazee wakabishana kama ung'olewe. Mama Kandida akawaambia uacheni, huo nao una mama yake.

Leo asubuhi nikapanda lori, lakini si la kurudi Ifakara. Nimemkuta Eveline shambani, matope hadi magotini, anapandikiza mpunga. Akanyoosha mgongo, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Umekuja kumpiga nani?"

Nikamwambia sikuja na kamera. Akanitazama tena, akanigawia nusu ya miche aliyoshika mkononi, akanionyesha mstari wa kuanzia.